Kishikwambi na laptopu vikifanya kazi pamoja: kwanini waya peke yake hautoshi

Swali linaloulizwa sana huku kwetu Mtwara, na Lindi naona ni hivyohivyo, ni hili: nina laptopu ya inchi 14, nina kishikwambi kimekaa tu kwenye droo, je naweza kukiunganisha kikawa skrini ya pili? Jibu ni ndio, na kuna mambo mengine unaweza kufanya ambayo kwa maoni yangu ni mazuri kuliko hilo, ila wengi wanakwama mwanzoni kabisa manake wanaenda dukani kununua waya wenye HDMI upande mmoja na Type-C upande mwingine, wanachomeka, hakitokei kitu, wanajiridhisha kwamba kishikwambi kibovu au laptopu ya zamani. Vyote vizima. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaeleza kwamba kile kifaa ni kitu gani hasa.

Na nalisema hili kwa uchungu kidogo kwasababu vishikwambi sahivi viko vingi sana mikononi mwa watu. Baada ya Sensa ya Agosti 2022 vile vilivyotumika kuhesabu watu vikaenda kwa walimu, kwahiyo leo ukiingia ofisi ya walimu Masasi au Nachingwea unavikuta, vijana wa vyuo hapa mjini wanavyo, hata kwenye vyama vya msingi vya ushirika unakuta karani anacho cha kwake binafsi. Kazi kubwa vinayofanya ni WhatsApp na kuangalia mpira. Wakati huohuo mtu huyohuyo anapambana na laptopu yenye skrini ndogo, anafungua Excel, anafunga, anafungua PDF, anafunga, anarudi Excel ameshasahau namba aliyoisoma.

Sasa jambo lenyewe. Kishikwambi sio skrini, kishikwambi ni kompyuta nyingine. Kina prosesa yake, memori yake, mfumo wake wa Android au wa iPad, na skrini yake imefungwa ndani kwa ndani kwenye hiyo kompyuta. Monita ya mezani au televisheni imetengenezwa na mlango wa kupokea picha, unachomeka waya, picha inaingia, basi. Kishikwambi hakina huo mlango. Tundu lake la Type-C linapokea umeme na kupitisha mafaili, na vile vya bei ya juu vinaweza kutoa picha kwenda kwenye televisheni, yaani picha inatoka, haiingii. Ule waya wa HDMI ulioununua unapeleka picha kwa mtu ambaye hana jicho la kuiona. Vipo vichache sana vilivyotengenezwa na mlango wa kuingiza, Lenovo Yoga Tab 13 ya 2021 ni mojawapo, ina tundu dogo la HDMI la kupokelea na inaweza kuwa monita kweli, lakini uwezekano wa wewe kuwa na hiyo ni mdogo, kwahiyo chukulia cha kwako hakina.

Ukishalishika hilo kila kitu kingine kinafunguka, manake unaacha kuuliza natumia waya gani unaanza kuuliza hizi kompyuta mbili zinaongeaje. Zinaongea kwa programu, moja upande wa laptopu na nyingine upande wa kishikwambi, na katikati kuna njia ambayo inaweza kuwa waya wa USB au waifai. Programu ya laptopu inafanya mambo mawili. Kwanza inaiambia Windows kwamba kuna monita ya pili imechomekwa, monita ambayo haipo, ni draiva tu inayojifanya monita, na Windows inaamini na kuanza kuchora picha ya ile sehemu ya pili. Pili inaichukua ile picha, inaibana kama vidio, inaituma. Kishikwambi kinapokea, kinaikunjua, kinaonyesha. Ni vidio kol, tofauti yake ni kwamba anayepigwa picha ni desktopu yako na sio mtu.

Kwanini ibanwe, kwanini isiende ilivyo? Piga hesabu hii ndogo. Picha ya 1920 kwa 1080 ina nukta zaidi ya milioni 2, kila nukta ina biti 24 za rangi, na picha inabadilishwa mara 60 kwa sekunde. Zidisha zote unapata karibu biti bilioni 3 kwa sekunde. USB 2.0, ambayo ndio iko kwenye vishikwambi vingi vya bei ya kati hata kama tundu lake ni Type-C, mwisho wake kwa makaratasi ni biti milioni 480 kwa sekunde, yaani picha ni kubwa zaidi ya mara sita ya njia yenyewe. Waifai ya kawaida nayo ndio kabisa. Kwahiyo lazima ibanwe, mara nyingi kwa mtindo uleule wa H.264 unaotumika kwenye vidio nyingi za mtandaoni, na ubanaji wa namna hii unategemea ujanja mmoja: haitumi picha nzima kila mara, inatuma kilichobadilika tu.

Na hapo ndipo majibu ya malalamiko mengi yalipo. Ukiweka barua au jedwali lililotulia kwenye kishikwambi linaonekana safi kabisa kwasababu hakuna kinachobadilika, hakuna cha kutuma. Ukianza kuskrol haraka maandishi yanakuwa na ukungu kwa nusu sekunde alafu yanatulia, kwasababu ghafla kila kitu kimebadilika na njia imejaa. Ukiweka vidio ndio inakatakata. Mausi ukiipeleka kule inachelewa kidogo nyuma ya mkono wako kwasababu kubana, kutuma na kukunjua kunachukua muda, mdogo lakini jicho linauona. Sio ugonjwa wa kifaa chako, ndivyo kazi yenyewe ilivyo, na hakuna setting itakayoufuta kabisa, unaupunguza tu. Ushauri wangu hapa ni mmoja: weka kwenye kishikwambi vitu vya kusoma, na kwenye laptopu vitu vya kufanyia kazi. Ukifanya kinyume utachoka siku ya kwanza na utakirudisha kishikwambi kwenye droo.

Programu zenyewe sasa. Kwa mtu wa Windows na Android, ambao ndio sisi wengi, spacedesk ndio pa kuanzia, unaweka draiva kwenye laptopu na programu ndogo kwenye kishikwambi, ni ya bure kwa matumizi binafsi lakini kama ni ofisi ya biashara inatakiwa leseni ya kulipia, usiipitie hiyo. Duet Display ipo toka 2014, ilianza na iPad na sahivi inaenda na Android pia, ni ya kulipia. Mwenye Mac na iPad ana raha kuliko wote, Sidecar imo ndani toka 2019, hauweki kitu chochote, unachotakiwa ni vifaa vyote viwe kwenye akaunti moja ya Apple na visiachane zaidi ya mita 10 hivi, na toka 2022 kuna nyingine ya kufanya kibodi moja na mausi moja vihudumie vyote viwili, ambayo mimi naiona ni nzuri zaidi na nitaeleza kwanini. Samsung kwenye zile Galaxy Tab S7 na zilizofuata wameweka kipengele cha skrini ya pili ndani, kwenye laptopu unabonyeza kitufe cha Windows pamoja na K inatokea. Hiyo inatumia Miracast, teknolojia ya 2012 ya kurusha picha bila waya, na ukisikia laptopu yako ina Miracast usifikiri basi kishikwambi chochote kitapokea, tunarudi palepale kwenye mwelekeo: vishikwambi vingi vya Android vinajua kutuma picha kwenda kwenye televisheni, havijui kupokea.

Ikishaunganika, bonyeza Windows na P, utaona machaguo manne. La pili linaonyesha kitu kilekile kwenye skrini zote mbili, na ndilo ambalo mara nyingi linakuja lenyewe, mtu anaona laptopu yake imejirudia kwenye kishikwambi anasema hii ina faida gani. Haina kwa kazi hii. Chagua la tatu, hapo kishikwambi kinakuwa nafasi ya ziada, unaburuta dirisha linavuka kwenda kule. Alafu ingia kwenye mipangilio ya skrini uziweke zile picha mbili zikae kama zilivyokaa mezani, kama kishikwambi kiko kushoto kiwe kushoto, vinginevyo utakuwa unaitafuta mausi upande ambao haipo.

Haya, sasa lile ninaloliona la muhimu kuliko yote na ndilo linalosahaulika. Kwakuwa kishikwambi ni kompyuta nyingine, mara nyingi hauhitaji kukigeuza skrini kabisa. Mchukulie karani msimu wa korosho, kuanzia mwezi wa kumi hivi, ana picha za stakabadhi zilizopigwa kwa simu na anaziingiza kwenye Excel moja moja. Anachohitaji ni kuona picha huku anaandika. Kwanini laptopu ya watu ifanye kazi ya kuchora picha, kuibana, kuituma, ipate joto, betri iishe, ili tu kishikwambi kionyeshe picha ambayo kina uwezo wa kuifungua chenyewe? Hamishia zile picha kwenye kishikwambi, zifungue humohumo, ziguse kwa vidole uzikuze namba isomeke, na laptopu ibaki na Excel peke yake kwenye skrini nzima. Hakuna kuchelewa, hakuna ukungu, laptopu yenye memori ya GB 4 inapumua. Mwalimu anayeandaa andalio la somo vivyohivyo, mtaala na kitabu vikae kwenye kishikwambi, kuandika kukae kwenye laptopu. Skrini ya pili ya kweli inahitajika pale tu kile kitu cha pili kinaishi kwenye laptopu na hakiwezi kuhama, mfano programu ya uhasibu, au jedwali moja unataka ulione sehemu mbili, au dirisha la mkutano wa Zoom ambao umeshaingia na laptopu.

Kwahiyo kinachobaki ni kuhamisha vitu kati ya vifaa viwili bila usumbufu, na hapa naona watu wanapoteza bando bure. Mtu anajitumia picha WhatsApp, inapanda mtandaoni, inashuka, na ikishuka imebanwa namba za stakabadhi hazisomeki vizuri. Weka LocalSend pande zote mbili, ya bure, haina akaunti, inatuma moja kwa moja kutoka kifaa kwenda kifaa kwa waifai na faili linafika lilivyo. Au KDE Connect, jina lake linafanya watu wadhani ni ya Linux tu lakini iko na ya Windows, hiyo inatuma mafaili na zaidi ya hapo unakopi maneno kwenye laptopu unapesti kwenye kishikwambi, na kishikwambi kinaweza kuwa tachipadi au rimoti ya kubadilishia slaidi, kwahiyo mtu anayewasilisha taarifa kwenye mkutano mkuu wa chama anatembea ukumbini anabadilisha slaidi bila kumpigia kelele kijana wa kwenye laptopu. Na njia ya zamani bado ipo, waya wa USB, unachagua kuhamisha mafaili, kishikwambi kinafunguka kama fulash.

Nimesema bando, nikae hapo kidogo manake ndipo palipojaa hofu. Watu wanaona neno waifai wanajua intaneti, wanajua MB zinakwenda. Waifai na intaneti ni vitu viwili. Waifai ni hewa kati ya vifaa vyako, intaneti ni kile kinachotoka nje ya nyumba. Spacedesk, LocalSend na KDE Connect zinazungumza ndani kwa ndani, haziendi Dar haziendi Ulaya, kwahiyo unaweza kuwasha hotspoti kwenye simu, ukazima kabisa data ya simu, ukaunganisha laptopu na kishikwambi kwenye hiyo hotspoti na kazi ikaenda bila MB hata moja. Jaribu leo uone kwa macho yako. Mwezi wa tano 2024 nyaya za chini ya bahari zilipopata hitilafu na intaneti ikasumbua nchi nzima, vitu vya aina hii havikuguswa, na ndio maana nawasisitizia watu wazisakinishe programu hizi mapema siku ambayo mtandao uko vizuri, zikae tayari.

Ila kuna mtego mmoja. Ukiacha data ya simu ikiwa imewashwa, laptopu inaona imepata intaneti, na Windows inaanza kushusha masasisho yake kimyakimya, bando lote linaondoka alafu lawama anatupiwa kishikwambi. Ama zima data, ama ingia kwenye mipangilio ya ule mtandao ndani ya Windows uwashe swichi ya mtandao wa kulipia kwa kipimo, hapo inajizuia masasisho mengi.

Vikigoma kuonana wakati viko waifai moja, sababu huwa ni mbili. Moja ni fayawoli ya Windows, yaani mlinzi wake wa mtandao, kwenye mipangilio ya ule mtandao kuna chaguo la binafsi au hadharani (Private au Public), ukiwa wa hadharani laptopu inajificha isionwe na vifaa vingine, ambayo ni sahihi ukiwa stendi ila sio ukiwa kwako. Nyingine ni ya waifai za hotelini, vyuoni na baadhi ya ofisi, mafundi wanaziseti makusudi kila kifaa kisikione kingine kwa ajili ya usalama, hapo hata ufanye nini haitakubali, tumia hotspoti yako. Na kama mnakaa sehemu yenye waifai nyingi za majirani, masafa ya 2.4 GHz yanakuwa na msongamano, simu nyingi za sahivi zinaruhusu kuchagua 5 GHz kwenye mipangilio ya hotspoti, chagua hiyo, haifiki mbali na ukuta unaisumbua lakini wewe vifaa vyako viko meza moja.

Njia ninayoipenda mimi kwa skrini ya pili lakini ni waya. Sio ule wa HDMI, ni huu wa kawaida wa kuchajia. Kwenye mipangilio ya Android kuna sehemu ya kushirikisha mtandao kwa USB, ukiiwasha laptopu inauona kishikwambi kama vile ni waya wa mtandao, na spacedesk inapita humo humo, tulivu kuliko waifai, haikatiki mtu akipita. Uzime data ya laini kama kishikwambi kina laini, kwa sababu ileile ya bando. Vile visivyo na laini baadhi havina kabisa hicho kipengele, angalia kwanza. Alafu hakikisha waya wenyewe ni wa data, nyaya nyingi za bei rahisi sokoni zina nyuzi za umeme tu, zinachaji lakini laptopu haioni kitu, ukibadilisha waya tu tatizo limekwisha. Ukinunua omba muuzaji auchomeke kwenye kompyuta uone faili mbele yako.

Kwa kishikwambi cha serikali, fuata utaratibu wa mwajiri kuhusu kuweka programu. Kama hauruhusiwi kuweka kitu kuna Deskreen, inakaa kwenye laptopu tu na kishikwambi kinafungua kwa brauza ya kawaida, unaskani ile kodi ya mraba (QR) inayotokea, skrini ya laptopu au dirisha moja linaonekana. Kasoro yake ni kwamba kupata nafasi ya ziada ya kweli unahitaji kuchomeka kwenye HDMI ya laptopu kile kiplagi kidogo cha kuidanganya kwamba kuna monita, bila hicho inaonyesha nakala tu.

Kuna upande wa mkono sasa, yaani kishikwambi kuwa kalamu ya laptopu. Hili ni la watu wachache lakini kwao ni kubwa. Mwalimu wa hesabu anayerekodi masomo, kuandika kipeuo cha pili na sehemu kwa mausi ni mateso. Kijana anayechora nembo za fulana na mabango pale mjini, au anayechora kwanza nakshi ya kinyago kabla fundi hajashika patasi. Hapa watu wananunua kalamu bila kuelewa. Kalamu yenye ncha ya mpira mnene, ile ya bei ya chini kabisa, kwa skrini ni kidole tu, inatenda kazi kwenye kishikwambi chochote, lakini haijui umekandamiza kwa nguvu kiasi gani. Kalamu ya S Pen ya Samsung inajua, ngazi 4,096 za mkandamizo, na haina betri ya kuchorea, inapata nguvu yake kutoka kwenye tabaka la nyaya lililolazwa chini ya kioo cha kishikwambi chenyewe. Kwahiyo ukinunua S Pen ukaipeleka kwenye Tab A7 ya 2020 haitaandika hata mstari, hilo tabaka halimo. Apple Pencil nayo ni hivyo, inaenda na iPad tu tena aina maalumu. Ukishakuwa na kishikwambi cha kalamu ya kweli, SuperDisplay kwenye Windows inakifanya kiwe skrini unayochorea juu yake na mkandamizo unafika kwenye programu ya kuchorea, na kwa watu wa Linux kuna Weylus, ya bure.

Na mwelekeo unaweza kugeuka. Scrcpy, ya bure, ilitoka 2018, inaleta skrini ya kishikwambi cha Android kwenye laptopu kwa waya wa USB, unakiendesha kwa kibodi na mausi. Kwa mwalimu mwenye projekta hii ni hazina, kila unachogusa kwenye kishikwambi darasa zima linaona. Inabidi uwashe ruhusa ya wasanidi kwenye kishikwambi kwanza, na ukimaliza izime. Na hapa ndipo naposema ile ya Apple ya kibodi moja kuhudumia vyote viwili ni nzuri zaidi ya skrini ya pili, kwasababu inakiacha kishikwambi kiwe kompyuta kamili yenye programu zake na wewe unahama tu kwa mausi, hakuna picha inayobanwa wala kutumwa.

Kitu cha mwisho ambacho watu wanakichanganya na skrini ya pili ni kuiendesha laptopu kutokea mbali. Laptopu au kompyuta iko ofisini mjini, wewe umevuka kivuko uko Msangamkuu, unataka ile ripoti. Hapo kishikwambi kinakuwa dirisha la kuingilia. Windows yenyewe ina njia yake lakini toleo la Home haliruhusu kuingiwa, ni Pro ndio inakubali, na msijaribu kuifungulia mlango moja kwa moja kwenye intaneti kwasababu wezi wanauskani mlango huo usiku na mchana. Rahisi ni Chrome Remote Desktop, akaunti ya Google na namba ya siri kuanzia tarakimu 6. Hii sasa ndio inakula bando, pande zote mbili, na inataka kompyuta ya ofisini ibaki inawaka, umeme ukikatika huku na hakuna UPS umekwisha. Nawaomba sana kitu kimoja: akikupigia mtu anayejitambulisha ni wa benki au wa mtandao wa simu akakuambia weka AnyDesk, ambayo ni programu ya kuendesha kifaa kutokea mbali, unisomee namba inayoonekana, kata simu. Ukimsomea ameingia, anaona kila unachokiona, na pesa zako za simu na benki ziko humohumo.

Umeme na joto nimalizie navyo. Tundu la USB 2.0 la laptopu linatoa nusu ampea tu, wati 2.5, na la USB 3.0 ni wati 4.5, wakati kishikwambi kikionyesha vidio kwa mwanga wa juu kinaweza kula zaidi ya hapo, ndio maana unakuta kimechomekwa na bado asilimia zinashuka. Punguza mwanga, ndio mlaji mkubwa. Umeme ukiwa umekatika usikichomeke kwenye laptopu, manake betri ya laptopu inalisha vifaa viwili na itaisha mapema, tumia waifai kila kimoja kiwe na betri yake, au kichomeke kwenye pawabenki. Na mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili huku kwetu, chumba kisicho na feni, kishikwambi kilicholazwa kwenye kitambaa huku kinachaji na kukunjua vidio masaa manne kinapata moto kweli, kinajipunguza kasi chenyewe unaanza kuona picha inakatakata mchana wakati asubuhi ilikuwa safi. Kisimamishe kwenye stendi hewa ipite nyuma, toa kava, usikiweke dirishani kwenye jua, na kama kimefika mia chomoa chaja.